Ubeti wa bahari umetimia vina na mizani, mbona mshororo wa tatu haugongi mwamba?

#1 Malenga Mchanga

Wakuu, salaam. Tazameni ubeti huu:

*Wimbi laja taratibu, lapanda na kushukia,*
*Lanong'ona kwa adabu, mchanga likiujia,*
*Kisha laja kwa ghadhabu, mwamba likiupigia,*
*Bahari ina ajabu, nani ataizuia?*

Mizani (silabi) 16 kila mshororo, 8 kwa 8. Kina cha kati -bu, cha mwisho -a. Hakuna guni, yaani kasoro ya vina au mizani. Dai langu ni kwamba tarbia, shairi la mishororo minne, imeumbwa kwa ajili ya bahari: ukwapi, kipande cha kwanza cha mshororo, ni maji yanakuja, utao, kipande cha pili, ni maji yanarudi, na pale msomaji anapovuta pumzi katikati ndipo wimbi linapogeuka. Shida ni mshororo wa tatu. Wimbi linatakiwa likasirike, lakini ukisoma kwa sauti linakasirika kwa adabu ileile ya mshororo wa pili. Kasoro iko kwenye maneno, kwenye vina, au mizani 16 haina ubavu wa kubeba dhoruba?

#2 Jirani wa Vina

Kabla ya dhoruba tumalize la simu. "Mwamba likiupigia." Linaupigia mwamba simu? 😂

Wimbi huupiga mwamba. Hiyo -ia umeibandika upate kina. "Kushukia" nayo ni hivyohivyo: anayeshuka anashuka, akishukia lazima aseme anamshukia nani au wapi. Waliokaa kihalali ni "likiujia" na "ataizuia". Sikio la msikilizaji hukamata kina cha kubandika kabla halijajua kasoro ni nini, na likishakamata haliogopi tena.

#3 Bi Mloto

Asante kwa uzi. Jirani amesema kweli kuhusu viambishi, ila hata ukivirekebisha mshororo wa tatu hautagonga. Hesabu mkazo, usiishie kwenye mizani. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Sasa panga:

WI-mbi LA-ja ta-ra-TI-bu: mkazo uko silabi ya 1, 3 na 7.
KI-sha LA-ja kwa gha-DHA-bu: 1, 3 na 7.

Ni mwendo mmoja. Umebadilisha maana na kuacha mapigo yaleyale, hata kitenzi ni kilekile "laja". Nenda kwenye utao: MWA-mba li-ki-u-pi-GI-a, mkazo wa 1 na wa 7, katikati silabi tano zinateleza bila pigo. Neno lenye silabi sita lina mkazo mmoja tu. Maneno marefu hubembeleza, mafupi hupiga. Ukitaka kugonga ndani ya mizani 8, tia maneno matatu au manne badala ya mawili:

*Kisha ghafula, ghadhabu: gonga, pasua, vamia!*

KI-sha gha-FU-la gha-DHA-bu, 1, 4, 7. GO-nga pa-SU-a va-MI-a, 1, 4, 7. Mizani ni 16 ileile, kina ni kilekile, na hakuna wa kupigiwa simu.

#4 Bamvua

Naheshimu hesabu ya Bi Mloto, lakini turudi kwenye dai la #1, maana lina kasoro ya bahari kabla ya kasoro ya ushairi. Wimbi likifika ufukweni haliji na kurudi kwa kipimo kimoja. Linapanda mchanga kwa kasi na kwa muda mfupi, kisha maji yanarudi polepole, mengine yanazama mchangani. 8 kwa 8 ni mizani ya dukani, si ya pwani.

Halafu kuna wimbi lipi? Yale madogo yanayozaliwa na upepo ndani ya mwamba wa matumbawe hupishana kwa sekunde chache. Mawimbi makuu yanayotoka mbali hupishana kwa sekunde 10 na zaidi. Na kama ni kujaa na kupwa, hiyo ni takriban saa 12 na dakika 25 kutoka maji kujaa hadi kujaa tena. Ukisema "mahadhi ya bahari" lazima uchague mojawapo.

#5 Malenga Mchanga

@Bamvua nachagua ya ndani ya mwamba. Ukisoma silabi 4 kwa sekunde, kipande kinakula sekunde 2, mshororo sekunde 4. Si mbali na hayo madogo yako.

#6 Bamvua

Kwa kusoma, sawa. Ukighani, yaani ukisoma kwa kuimba, kwa mahadhi ya kuvuta, kipande kimoja kinaweza kufika sekunde 5 au 6, na hapo umehama kutoka wimbi dogo hadi wimbi kuu bila kubadilisha hata herufi. Kwa hiyo bahari iko kooni mwa mghani. Mizani haijafanya kitu.

#7 Sikio Kavu

Wakuu, fanyeni jaribio moja. Toeni wimbi, wekeni simba:

*Simba aja taratibu, apanda na kushukia,*
*Anong'ona kwa adabu, mchanga akiujia…*

Mizani 8 kwa 8, mkazo palepale. Sasa tarbia imekuwa nyika? Umbo hilihili limebeba mapenzi, siasa, mafumbo, kuombana kura na kulilia waliokufa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alilitumia kwa vita na kwa mahaba. Sauti haina maana mpaka neno liipe. Msomaji anaona "wimbi", kisha anajisikilizia mawimbi. Basi.

#8 Fundi Ngeli

@Sikio Kavu jaribio lako ni zuri, lakini umetoa kitu kingine bila kukitaja. Katika ubeti wa #1, wimbi liko ngeli ya LI: laja, lapanda, lanong'ona, likiujia. L inarudi mfululizo, ulimi unalamba paa la kinywa. Ulipoweka simba, kiambishi kikawa a-: aja, apanda, anong'ona. L zote zimekufa. Mizani imebaki, sauti imeondoka. Kwa hiyo hukuthibitisha kwamba sauti haina kazi. Umethibitisha kwamba mizani peke yake haina.

Hapa ndipo lugha yetu inatupa takriri, marudio ya sauti, ya bure. Ukichagua nomino umechagua sauti ya ubeti mzima kupitia upatanisho:

Wimbi: la-, li-, sauti inateleza.
Mawimbi: ya-, "yaja, yarudi, yainuka", y ni kiyeyusho, nusu irabu, hakuna mahali pa kushika.
Upepo: u-, wa-, "upepo uvumao", midomo inaviringana kama inapuliza.
Chombo: ch-, "chombo chayumba, chapanda, chachapwa", ulimi unagonga kila mara.
Maji: ma-, "maji mafu", "maji makuu".

Ukitaka shwari andika mawimbi. Ukitaka dhoruba acha kuandika wimbi linafanya nini, andika chombo kinafanywa nini. Watunzi wengi hukwama hapa: wanahangaika na kina miezi, nomino ya mwanzo hawaigusi.

#9 Jirani wa Vina

#8 nakupa tano. Lakini "choo cha chini chachafuka" nayo ina ch- za kutosha, na hakuna aliyesikia dhoruba.

#10 Fundi Ngeli

Kuna watakaosikia 😂

#11 Bi Mloto

Tuachane na choo. Hoja ya Jirani ina uzito: sauti peke yake haichori. Huunga mkono kilichotajwa. Tazama kina cha -bu. Katika #1 kinafunga "taratibu", "adabu", "ghadhabu" na "ajabu". Midomo inafungwa kwa b, kisha u inazibwa. Mtu angeweza kudai huo ni mshindo wa maji ndani ya pango. Lakini umefunga nacho upole mara mbili kabla ya ghadhabu, kwa hiyo ghadhabu inapofika, -bu imeshazoeleka kuwa sauti ya upole.

Na -ia ni tatizo kubwa zaidi. Irabu mbili bila konsonanti kati yake, kinywa kinafunguka, sauti inaendelea. Inafaa sana maji yanayorudi. Ila mishororo yote minne inaishia hapo, hata ule wa mwamba. Mwamba hauachii maji yateleze namna ile.

#12 Ukaraguni

Dawa ya #11 ipo tangu zamani, na ndilo jina langu: ukaraguni, vina kubadilika ubeti hadi ubeti. Usijaze utulivu na dhoruba ndani ya ubeti mmoja. Ubeti wa kwanza wacha -bu na -ia. Wa pili badilisha vina, chukua vipasuo, sauti za kulipuka kama p, t na k:

*Tanga pa! likapasuka, mlingoti kukatika…*

Hesabu: ta-nga-pa-li-ka-pa-su-ka, 8. M-li-ngo-ti-ku-ka-ti-ka, 8, na m ya mwanzo ni silabi kamili, msiisahau. P, k, t, p, s, k. Hakuna irabu inayopata nafasi ya kunyoosha miguu. Vina vya kati na vya mwisho vyote -ka, viache vigongane.

#13 Shetri

Salaam. Sauti nzuri, ubaharia sifuri. Tanga likishapasuka upepo unapita, mzigo umeondoka juu ya mlingoti. Kwa nini ukatike sasa? Kinachotangulia kuvunjika mara nyingi ni foromali, ule mti unaobeba tanga, au inakatika henza, kamba ya kuitweka, na foromali inashuka yenyewe na tanga lake. Andika:

*Tanga pa! likapasuka, foromali kukatika.*

Fo-ro-ma-li-ku-ka-ti-ka, 8. Tena panga sawa: foromali ikivunjika ndipo tanga huchanika. Umeanza na matokeo.

#14 Ukaraguni

@Shetri shukrani, lakini sikiliza ulichofanya. "Foromali" ni f, r, m, l. Hakuna kipasuo hata kimoja. Umeweka mto wa pamba katikati ya radi. Kama ni kuchagua kati ya mlingoti wa uongo unaopasua sikio na foromali ya kweli inayolala, nachukua mlingoti.

#15 Shetri

Chukua. Ila ukighani mbele ya manahodha watacheka mahali ulipotaka walie.

#16 Kiitikio

Nashangaa hakuna aliyetaja makasia. Kabla ya kusema mahadhi yametoka kwenye maji, ulizeni yametoka kwenye kazi gani. Nyimbo za kupiga kasia na za kutweka tanga zina mmoja anayeanza na kundi linaloitikia, na neno zito huangukia pale mikono inapovuta. Kipande cha kwanza ni cha kiongozi, mikono inajiandaa. Cha pili ni cha wote, mikono inavuta. Hiyo ndiyo 8 kwa 8 mnayoitafuta. Wimbi halivuti pamoja, watu ndio wanaovuta pamoja.

#17 Bamvua

Kwa makasia nakubali nusu. Lakini nyimbo nyingi zetu za mishororo mitatu huenda 6 kwa 6, mizani 12. Mbona makasia hayakuzaa 6 kwa 6 pekee? Umbo la unne, hiyo tarbia, limefanyiwa kazi sana mjini, na washairi wa barazani na wa kujibizana. Kasia haielezi kila kitu.

#18 Mswada

Ongezeni mfano wa kaskazini mwa pwani. Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, uliolilia kuanguka kwa mji wa Pate, una mshororo *Suu ulimwengu bahari tesi*. Dunia ni bahari iliyochafuka. Hapo hakuna 8 kwa 8. Kipande cha kwanza kirefu, cha pili kifupi, mizani 10. Hiyo iko karibu na alichosema Bamvua #4, pande mbili zisizolingana.

#19 Bi Mloto

Mizani 10 kwa hesabu ipi? Su-u-u-li-mwe-ngu, sita. Ba-ha-ri-te-si, tano. Kumi na moja.

#20 Mswada

Irabu za "suu ulimwengu" zikimezana mdomoni unabaki na tano na tano. Msomaji wa hati za Kiarabu haoni silabi kama unavyoziona kwenye herufi za Kirumi.

#21 Bi Mloto

Zikimezana umepata 5 kwa 5, na hoja yako ya pande zisizolingana imezama na mshororo wako. Usipozimeza una 6 kwa 5 na hoja inabaki hai. Chagua.

Mimi ningetazama vina. Mishororo mitatu ya ubeti ule inaishia kwa -si: tesi, masi, mwasi. Povu likisambaa juu ya matumbawe linafanana na hiyo s. Wa nne unaishia kwa -ye kama beti nyingine zote, unarudi bandarini.

#22 Sikio Kavu

"Nafasi", "wepesi", "halisi", "Hamisi". Povu tupu.

#23 Guni

Wazee wa vina, hodi. Mnahangaika kuingiza bahari kwenye masanduku ya nane nane. Bahari haina urari. Andikeni mstari mrefu unaojaa, kisha neno moja chini yake. Mjadala huu ulishapita miaka ya 1970, *Kichomi*, diwani ya Kezilahabi isiyofungwa na vina na mizani, ilitoka 1974, na hakuna aliyekufa.

#24 Ukaraguni

Mstari mrefu na mstari mfupi vinaonekana kwenye karatasi. Anayesikiliza haoni karatasi. Atajuaje kwamba neno liko peke yake?

Tena hilo la mstari mfupi tunalo ndani ya kanuni. Linaitwa msuko. Mishororo mitatu kamili, wa nne nusu. Chukueni ubeti wa #1, kateni mwisho:

*Nani ataizuia?*

Basi. Mizani 8 pekee baada ya 16 mara tatu. Sikio linasubiri nusu ya pili na haiji. Hapo ndipo wimbi limevunjika. Sharti moja: ukianza msuko, kila ubeti uwe na msuko. Ukifanya mara moja tu watasema umeishiwa maneno.

#25 Mkufu

Baada ya msuko ongezeni pindu: maneno yaliyofunga ubeti wa kwanza yafungue wa pili:

*Nani ataizuia, bahari ikighadhibu…*

Na-ni-a-ta-i-zu-i-a, 8. Ba-ha-ri-i-ki-gha-dhi-bu, 8. Vina vimebadilishana nafasi, -ia imekuja kati na -bu imekwenda mwisho. Wimbi halijaisha, limeingia ndani ya lenzake. Kwangu pindu ndiyo bahari, na mizani ni chombo tu. Kinachoharibu pindu ni urefu. Zikizidi beti saba au nane za namna hiyo, msikilizaji anaanza kubahatisha mwanzo wa ubeti unaofuata, naye akipata anafurahi yeye, shairi limekufa.

#26 Mgeni wa Bara

Habari wakuu. Swali dogo. Nataka kuanza na "Kaskazi ikivuma". Ni mizani ngapi?

#27 Jirani wa Vina

Saba. Kas-ka-zi-i-ki-vu-ma.

#28 Mkufu

Nane. Ka-s-ka-zi-i-ki-vu-ma.

#29 Jirani wa Vina

S inasimama peke yake tangu lini? M na n ndizo zinazosimama.

#30 Mkufu

Tangu iliporuhusiwa "maktaba" na "labda" kuingia kwenye diwani. Ukighani, hakuna anayeimba "kas". Koo linatia irabu lenyewe, "kasikazi", nne. Kama unaogopa wahariri, iandike hivyo kabisa, ni mazda halali, yaani ruhusa ya mshairi kurefusha neno. Bi Mloto kaandika "ghafula" akapata tatu na hamkumshika.

#31 Shetri

@Mgeni wa Bara, au epuka ugomvi: "Upepo wa kusi huja", nane kwa kila mhesabu. Ila angalia shairi lako linatokea msimu gani. Chombo kinachokwenda kaskazini hakisubiri kaskazi, upepo utokao kaskazini.

#32 Sikio Kavu

Turudi kwa Bi Mloto #3. 1, 4, 7 halafu 1, 4, 7. Hiyo ni sawasawa kabisa, pigo kila baada ya silabi mbili. Ni ngoma hiyo. Maji yakigonga mwamba hayana adabu ya ngoma. Na jambo jingine: "gonga, pasua, vamia" ni amri. Nani anaamriwa?

#33 Bi Mloto

Amri ni za bahari kwa wimbi lake, au za msimulizi aliyepotewa na viambishi kwa hofu. Zote zinafaa. Na mapigo sawasawa yanakuja baada ya mishororo miwili isiyo sawasawa, 1-3-7 na 3-7. Kinachoshtua ni kubadilika.

#34 Kiitikio

Yote hayo yanafaa kwa anayesoma. Akiimba, mahadhi hunyanyua silabi yanayotaka na huvuta ya mwisho wa kipande, ile ya 8, ambayo kwa mkazo wa kawaida ni dhaifu. Mkazo wa 7 mnaouhesabu unalala. Jaribuni: tieni ubeti kwenye simu mara mbili, kwanza kwa kusoma, kisha kwa kuimba, pigeni meza kwa kiganja pale sauti inapopanda. Viganja havitakutana.

#35 Malenga Mchanga

Shukrani nyote. Nimebadili utao wa tatu, nimetumia tanakali ya sauti:

*Kisha ghafula, ghadhabu: mwamba, pu! pu! lavamia!*

Mwa-mba-pu-pu-la-va-mi-a, 8. Mkazo 1, 3, 4, 7. Wa 3 na wa 4 vimebanana, ulimi lazima usimame. Si ngoma tena, @Sikio Kavu.

#36 Fundi Ngeli

Sauti imekaa. Sarufi inauma: mwamba umetangulia, kitenzi kinautaka, "lauvamia". Ukiiweka u una mizani 9.

#37 Jirani wa Vina

Toa pu moja. "Mwamba, pu! lauvamia." Mwa-mba-pu-la-u-va-mi-a, 8.

#38 Bi Mloto

Hesabu mkazo wa hiyo. MWA, PU, MI. 1, 3, 7. Mmerudi kwenye "Wimbi laja taratibu".

#39 Guni

Mkiacha mizani, pu zote mbili zinaenea na u ya mwamba inabaki. Nasema tu.

#40 Ukaraguni

Zikienea tatu utatutia nne. @Malenga, bakiza pu mbili, acha u ianguke. Inkisari, ruhusa ya kufupisha neno, ipo kwa kazi hiyo. Ila niambie kwanza: "ghadhabu" na "ghafula" zimefuatana, gh mbili. Mghani wako anaweza kuitoa gh, au atasema "gafula gadabu"? Maana kwa g tupu mshororo huo ni mwingine.